Mkono Uliosifiwa kwa Kutosikia Moto

Jumamosi moja alasiri, mwaka 1958, darasani walikuwamo Mwalimu Gaudens Ndunguru na watu wazima wanne. Bibi Klara Nchimbi, mkunga. Alto Komba, seremala. Ladislaus Mbawala, mwashi. Na Osmund Kapinga, mpishi wa shule. Mwalimu alikuwa akiwafundisha huduma ya kwanza.

Osmund alikuwa na sifa iliyovuka mto. Aliipua sufuria motoni kwa mikono mitupu, bila kitambaa. Wageni wa shule waliletwa jikoni kumtazama, naye aliringa.

Siku hiyo somo lilikuwa mishipa ya fahamu. Mwalimu aliwapanga mstari, wameshikana mikono, macho wameyafumba.

"Klara ni kidole," alisema. "Alto ni mshipa, Osmund ni uti wa mgongo, Ladislaus ni ubongo. Nikimfinya Klara, amfinye jirani yake, hivyo hivyo mpaka habari ifike. Ubongo ukipata habari, useme 'moto'."

"Kama ubongo ni Mbawala, tumekwisha kuungua," alisema Alto.

Mwalimu akafinya. Kimya. Akafinya tena.

"Ubongo umelala," alisema Klara.

"Sijaletewa kitu," Ladislaus akajibu.

"Bwana Kapinga, umesinzia?" aliuliza Alto. "Nimekufinya mpaka kucha zimezama."

Osmund alifumbua macho. Alama nne za kucha zilikuwa zimechimbika kwenye mkono wake wa kushoto. Hakuwa amesikia chochote. Alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Mwalimu aliwaruhusu wengine, akafunga mlango. Alimwambia Osmund afumbe macho tena, akachukua unyoya wa kuku.

"Nimegusa wapi?"

"Hujagusa bado, Mwalimu."

"Nimegusa mara nne, ndugu yangu. Si kwamba moto unakuogopa. Mkono umeacha kupeleka habari. Nadhani ni ukoma, nao ukiwahiwa hutibika."

Osmund aliuficha mkono wake nyuma ya mgongo.

"Wakijua, nani atakula uji wangu?"

"Mimi."

Alitibiwa hospitalini miaka mitatu. Alirudi na vidole vyote kumi, ingawa ganzi haikuisha, akawa anaipua sufuria kwa vitambaa viwili. Asubuhi ya kwanza wanafunzi walisimama mbali na jiko, kila mmoja na bakuli lake. Mwalimu Ndunguru akapita katikati yao, akanyoosha bakuli la bati, akanywa uji pale pale amesimama. Kisha akaomba tena. Ndipo foleni ikaanza kusogea.

Osmund alipika pale miaka ishirini na sita zaidi. Leo ana miaka tisini, na akisimulia ujana wake hupita haraka kwenye mambo yote, ila asubuhi ile huisimulia polepole.

Mwalimu Gaudens Ndunguru alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni mwaka huu.

Funzo: Maumivu ni mjumbe wa mwili. Mwenzako asiposikia uchungu, usikimbilie kumsifu. Mwangalie vizuri, na ukigundua anaumwa, usimwache.