Ngiri Aliyeoga Baharini Mara Saba

Paukwa!

— Pakawa!

Wa mbele nimewasikia. Wa nyuma mnatafuna nini? Mezeni kwanza. Paukwa!

— Pakawa!

Haya. Hapo ndipo. Wakubwa sogeeni, wadogo msisinzie, maana mimi nikishaanza sirudii.

Hapo zamani za kale, wanyama wakipanda gari moshi bila tiketi na hakuna aliyewauliza, alikuwapo Ngiri. Mkia wake ulisimama wima kama antena ya redio, na mdomo wake ndio uliokuwa redio yenyewe. Asubuhi unasema. Mchana unasema. Jioni unarudia habari za asubuhi na kuziongezea chumvi.

Mimi nami najisifu, sikatai. Juzi nimesema najua kuogelea, nikavutwa kwa kamba. Lakini mbele ya Ngiri mimi ni mwanafunzi tu, tena mwanafunzi mwenyewe aliyeacha shule darasa la sita.

Basi huko kwao, juu vilimani, alikuwapo pia Bi Kobe. Wanyama wote walimwita shangazi. Bi Kobe alikuwa na miaka mingi na macho machache. Jicho la kulia lilikwishafunikwa na mtoto wa jicho. La kushoto lilibaki na upenyo kidogo, na upenyo wenyewe ulikuwa unazidi kuziba.

Siku moja akasema mbele ya wote:

"Kijito nimekiona, kina ng'ambo. Mto nimeuona, una ng'ambo. Hata bwawa la Kiboko lina ng'ambo. Ndege Yangeyange aliniambia kwamba bahari ni maji yasiyo na ng'ambo. Nataka niyaone kabla jicho hili halijafunga. Nani anaijua njia?"

Wote wakatazamana.

Ngiri je, aliweza kukaa kimya? Hakuweza!

"Shangazi," akasema, "kumbe ni bahari tu? Bahari nimeoga mara saba. Mara ya nane sikwenda, ikanitumia salamu. Jiji la pwani nalijua kama ukwato wangu."

Mnataka ukweli? Ngiri alikuwa amefika stesheni. Stesheni ya huko huko kwao. Tena alifukuzwa.

Gari moshi lilikuwa moja tu. Linafika jijini saa moja asubuhi, linarudi saa tisa alasiri. Halimngoji tajiri, halimngoji ngiri. Na Bi Kobe, kwa mwendo ule wake, kwenda stesheni tu kulimchukua wiki mbili. Safari ya pili asingekuwa nayo. Jicho lisingengoja.

Wakapanda. Puuu! Chaka-chaka, chaka-chaka. Wakashuka jijini.

Lo! Jiji! Nyumba zimepandana migongo. Milango ina nakshi na misumari ya shaba. Paka muuza kahawa anagonganisha vikombe, kacha-kacha-kacha. Harufu ya samaki wa kukaanga imekutana na harufu ya iliki, zinagombana njiani.

"Ngiri mwanangu," akauliza Bi Kobe, "hii misumari mlangoni ni ya nini?"

"Ya kuanikia nguo, shangazi."

Mara kutoka mbali, meli ikalia bandarini: Booooo!

"Na hicho?"

"Ng'ombe wao. Ng'ombe wa huku ni wakubwa."

Mnacheka? Chekeni. Bi Kobe hakucheka. Bi Kobe aliamini.

Sasa Ngiri akatazama kulia, vichochoro. Akatazama kushoto, vichochoro. Bahari iko wapi? Hajui. Aulize? Ataulizaje, na alioga mara saba? Akawaza, akapata ujanja. Hatauliza iko wapi. Atauliza kama ni mbali. Mwenyeji naye huuliza kama ni mbali, sivyo?

Mlangoni pa nyumba ya kwanza alikaa Bi Mbuzi, mbuzi wa mjini, ameweka buli la chai mbele yake.

"Shikamoo bibi," akasema Ngiri. "Eti bahari ni mbali?"

Bi Mbuzi kuona wageni, moyo ukamfunguka. Neno la bahari hata hakulisikia.

"Karibu! Karibu mwanangu, karibu!"

Ngiri akageuka, mkia juu. "Umesikia, shangazi? Karibu. Nilikwambia mimi."

Wakapita. Bi Mbuzi akabaki na kikombe mkononi.

Wakatembea, wakatembea. Ngiri hatua kumi, Bi Kobe hatua mia. Wakamkuta Paka muuza kahawa.

"Eti bahari ni mbali?"

"Aaa, karibu baba! Karibu!"

"Bado karibu," Ngiri akamwambia shangazi. Wakapita.

Wakatembea, wakatembea. Wakamkuta Bata na wanawe wanakula mkate wa kumimina.

"Eti bahari ni mbali?"

"Karibuni! Karibuni nyote!"

"Sasa ni karibuni," akasema Ngiri. "Yaani imezidi kuwa karibu." Wakapita.

Bata akawaambia wanawe, "Wageni gani hawa? Unawakaribisha, wanakimbia!"

Na Bi Kobe nyuma, anahema, akauliza polepole, "Ngiri mwanangu, mbona hiyo karibu haifiki?"

"Jiji limekua, shangazi. Zamani karibu ilikuwa fupi."

Wakazunguka kichochoro hiki, wakatokea kile. Wakazunguka kile, wakamkuta tena Paka muuza kahawa. Ngiri akajifanya hamjui. Mwisho wakatokea kwenye uwanja wa ngome ya zamani, kuta ndefu pande zote. Naye Bi Mbuzi huyo hapo, amekuja kutafuta majani.

"Nyinyi!" akasema Bi Mbuzi. "Mmeniachia chai yangu ikapoa! Haya, bibi amechoka huyo. Mkalisheni pale kivulini, penye mzinga."

Mzinga!

Masikio ya Ngiri yakasimama. Kwao vilimani mzinga ni mmoja tu, wa nyuki. Akatazama. Kweli, kitu kirefu, cha mviringo, kina tundu mbele. Lakini cheusi. Lakini cha chuma. Ngiri wewe! Hata hukushtuka?

"Shangazi," akasema, "kaa hapo nikulambishe asali ya pwani. Mizinga ya huku naijua. Hii huwa tamu kwa ndani kabisa."

"Mgeni," akaanza Bi Mbuzi, "huo ni mzinga wa..."

"Najua, najua!"

Akaingiza pua. Hakuna asali. Akaingiza mdomo. Hakuna asali. Akasukuma, ndi-ndi-ndi, mpaka pembe zake zikaingia na zenyewe. Akataka kutoka.

Hakutoka.

Akavuta. Wapi! Akasukuma. Wapi! Akapiga kelele, na kelele yake ikazunguka ndani ya chuma ikamrudia masikioni: Uuuu-uuuu-uuuu! Mkia umesimama huku nje, unatetemeka.

"Kuna asali?" akauliza Bi Kobe, maana naye alikuwa anangoja.

"Kidogo," ikajibu sauti kutoka ndani.

Jua likapanda. Bi Mbuzi akavuta mguu wa kulia. Wapi! Wana wa Bata wakaja wakavuta mguu wa kushoto. Wapi! Jua likafika utosini. Bi Mbuzi akaenda nyumbani, akarudi na chupa ya mafuta ya nazi, akamimina tundu zima. Kisha Bi Kobe akasogea, akautafuta mkia kwa jicho lake moja, akaupata, akauma. Kach!

Pwachu!

Ngiri akatoka, akabingirika mara tatu, pua inang'aa, ananukia kama mandazi.

"Ulikuwa unatafuta nini humo?" akauliza Bi Mbuzi. "Huo mzinga wa vita! Unapiga mizinga, ti! ti!"

"Nilikuwa nakagua," akasema Ngiri.

"Asali," akasema Bi Kobe.

Bi Mbuzi akacheka mpaka akakaa chini. Akajifuta macho, akauliza, "Na safari yenu yenyewe ya wapi?"

"Tunatembea tu," akasema Ngiri.

"Baharini," akasema Bi Kobe.

"Baharini? Si hapo tu nyuma ya ukuta! Shukeni kichochoro hicho. Ila saa hizi maji..."

"Najua, najua!" Ngiri ameshapita.

Wakashuka kichochoro. Wakatokea ufukweni. Kunguru mmoja alikuwa juu ya nguzo, anawatazama. Mbele yao kulikuwa na nini? Bahari? Hapana. Tope. Tope limetandaa, linang'aa juani. Mwani umelala. Kaa wanakimbia upande upande. Mashimo yana maji kidogo, ya kuoshea ukwato mmoja.

Ngiri akasimama.

Bi Kobe akanyoosha shingo. Akafumba lile jicho, akalifumbua, akalifumba tena. Kwa upenyo ule aliona mng'aro tu.

"Ngiri," akasema, "ndiyo hii?"

Ngiri akatazama tope.

"Naona kitu kinang'aa. Kikubwa. Lakini hakitikisiki, na Yangeyange alisema inatikisika. Mimi jicho langu silisadiki tena. Wewe umeoga humu mara saba. Ukiniambia ndiyo, nitasema nimeiona, turudi nyumbani, nife nimeshiba."

Sasa nisikilizeni vizuri. Neno lilikuwa moja. Ndiyo. Neno fupi, jepesi, na Ngiri alikuwa amesema makubwa zaidi ya hilo kabla ya kunywa uji. Gari moshi litamrudisha. Vilimani watampokea. Nani atajua? Kobe hataona tofauti. Ningekuwa mimi, ningeshasema na kuongeza samaki wawili wanaruka.

Ngiri akafungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama shangazi, shingo imenyooka, ile ngozi ya shingo imekunjamana, jicho moja linatafuta.

Mkia ukashuka. Haukuwahi kushuka.

"Shangazi," akasema, "sijui."

"Hujui nini?"

"Sijui kama ndiyo hii. Sijawahi kuiona. Sijaoga mara saba, sijaoga mara moja. Jiji silijui. Ile misumari siijui kazi yake. Yule ng'ombe sijui kama ni ng'ombe."

Kunguru juu ya nguzo akacheka, kwa-kwa-kwa, mpaka nusura aanguke.

"Nyie watu wa bara! Hii ndiyo bahari, lakini mwenyewe hayupo. Maji yamekupwa. Asubuhi yalijaa mpaka hapa kwenye nguzo. Sasa yamekwenda kule mwambani, kwenye ule mstari mweupe. Ngojeni magharibi, yatarudi."

"Saa tisa tunaondoka," akasema Ngiri.

"Basi poleni. Kule ni mbali. Kwa mwendo wa huyo bibi, atafika mwakani."

Bi Kobe akaanza kuingiza kichwa ndani ya gamba lake, polepole, kama anayefunga duka.

"Shangazi!" akasema Ngiri. "Usiingie! Mimi kusoma sijui, njia sijui, mzinga sijui. Lakini kukimbia! Panda!"

Akapiga magoti ya mbele, kama ngiri wapigavyo wakila majani. Bi Kobe akapanda, akauma manyoya ya shingo, akashikilia. Ngiri akainamisha kichwa akaondoka.

Tifu-tifu-tifu-tifu! Tope linaruka. Chubwi, shimo! Kaa wanatawanyika, wanatukana. Tifu-tifu-tifu! Ngiri haangalii mbele, anaangalia asiteleze. Mwamba ukafika. Akaparamia jiwe la kwanza, akaparamia la pili, akasimama juu kabisa, akainua uso ili naye aone...

Pwaaaa!

Wimbi likampiga usoni. Chumvi ikajaa macho yote mawili. Akapiga kelele, akafumba, akasimama pale pale anatiririka, macho yanawaka moto.

"Shangazi, unaona? Unaona?"

"Nyamaza," akasema Bi Kobe.

Ngiri akanyamaza. Pwaa. Pwaa. Upepo. Hakusogea hata kidole.

Muda ukapita. Kisha Bi Kobe akasema polepole, karibu na sikio lake:

"Haina ng'ambo."

Akageuza shingo kulia, akaigeuza kushoto.

"Kweli haina, Ngiri. Nimetafuta."

Maji yakaanza kugeuka kurudi. Wakageuka nao. Macho ya Ngiri hayafunguki. Basi ikawa mwenye macho hana macho, na mwenye jicho moja ndiye kiongozi. "Kushoto," anasema Bi Kobe. "Kulia. Jiwe. Ruka. Kaa huyo, mwombe radhi." Tifu-tifu-tifu, ufukweni, kichochoroni, penye ngome.

"Karibu!" akaita Bi Mbuzi.

"Ahsante bibi, tumeshakaribia!" akajibu Ngiri, akipita mbio.

Puuu! Wakarukia gari moshi, likaondoka.

Vilimani wanyama walikuwa wamejaa stesheni. Nyani mbele yao, mikono kiunoni, kicheko kimeshakaa tayari.

"Haya, mwogaji wa mara saba! Tuambie. Bahari ikoje?"

Wote wakatega masikio. Ngiri akasimama. Macho mekundu, pua ina mafuta, tope limemkauka mpaka kiunoni.

"Ina chumvi," akasema. "Hayo mengine muulizeni shangazi. Mimi nilikuwepo, ila sikuiona."

Nyani akacheka, wote wakacheka, na Ngiri akacheka kuwashinda wote. Bi Kobe akakaa katikati, akaanza kuwaeleza maji yasiyo na ng'ambo, na Ngiri akajisogeza mstari wa mbele kabisa kusikiliza.

Mafunzo yake, wakubwa kwa wadogo: kitu usichokijua, sema hukijui. Tena sema asubuhi, maji yakiwa yamejaa, usingoje mpaka yapwe. Anayekuamini anaona kwa macho yako, usimwonyeshe tope ukamwambia ni bahari. Haya nimeyasema mimi, ambaye juzi nimevutwa kwa kamba.

Hadithi yangu imefika stesheni, inashukia hapo hapo. Nami nashuka nayo.