Fidla ya Siku ya Idd

"Aendaye kutunza asimwache mwenziwe kitini." Mmeisikia kwa mama yenu, mkacheka, sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, tulieni. Na wewe, acha kumfinya mwenzio! Chanzo chake ni hiki.

Hapa hapa Tanga palikuwa na bibi harusi mgeni, Nyamizi, aliyeolewa kutoka Tabora. Asubuhi ya Idd aliingia jikoni amfurahishe mama mkwe wake, Bi Mwanakombo. Masikini, tui likazidi, wali ukawa bokoboko. Bi Mwanakombo akala, asiseme neno. Kimya kile kilimkaa Nyamizi rohoni kutwa nzima.

Alasiri wakajipamba, wakaenda taarabu. Nyamizi alikuwa akiisikia redioni tu. Akaketi kati ya mama mkwe na mumewe, Sefu, marashi yananukia, moyo ukaanza kumtulia.

Sasa, taarabu ina desturi yake. Ukiinuka kumtunza mwimbaji, yaani kumpelekea noti jukwaani, kwenye wimbo wa vijembe, maneno yale yamekuwa yako, na watu watatafuta unamsema nani.

Mwimbaji akaanza kumsema mwanamke asiyejua kupika. "Chungu kimekushinda, jiko walitakia nini?" Vigelegele! Mara Bi Mwanakombo huyoo, kainuka, noti juu, anakwenda jukwaani kwa madaha. Majirani wakageuka kumtazama Nyamizi. Mmoja akaziba kicheko kwa leso. Na Sefu? Anapiga makofi. Wanaume, bwana!

Bi Mwanakombo aliporudi alikuta kiti kitupu. Akamfuata Nyamizi mlangoni, akamkuta analia.

"Mama, kama wali wangu ulikukera, si ungeniambia nyumbani? Umenisema mbele ya watu wote! Mimi narudi kwetu."

"Wali? Wali gani tena?"

"Wimbo ulioutunza, mama."

Bi Mwanakombo akashika kichwa. "Ole wangu! Mwanangu, maneno sikuyasikia hata moja. Nilisikia fidla. Marehemu baba mkwe wako akiipiga vile vile, na siku nyingi sijaisikia ikilia hivyo. Nilikwenda kumtunza mpiga fidla."

"Na wali?"

"Wali ulikuwa bokoboko, hilo siwezi kulitetea. Lakini niliona ulivyohangaika, nikaogopa nikifungua mdomo nitakuvunja moyo. Kesho tutapika pamoja."

Nyamizi akacheka na machozi yangali yanatoka. Lakini Bi Mwanakombo alijua kwamba aibu ya ukumbini haifutwi mlangoni. Akamfunika mabegani leso yake ya Idd, akamrudisha ndani. Ulipoanza wimbo wa mapenzi, akamshika mkono wakaenda kutunza pamoja, mbele ya majirani wale wale. "Huyu ni mwanangu!" akapaza sauti. Ukumbi ukapokea kwa vigelegele.

Tangu hapo, kila Idd walikwenda, na kila mara waliinuka pamoja. Miaka ikapita, magoti ya Bi Mwanakombo yakachoka. Idd moja fidla ikalia, naye akamsukuma Nyamizi taratibu.

"Nenda wewe, mwanangu. Mimi miguu imegoma."

Nyamizi hakwenda. Aliinama, akampitisha mkono kiunoni, akamnyanyua polepole, na wakaanza kujikongoja hadi jukwaani huku mpiga fidla akiwasubiri.

"Mama," akamwambia, "aendaye kutunza asimwache mwenziwe kitini."