Video ya Harusi ya Bi Kazija

Hapo zamani, na si zamani ya majini na masultani, ni zamani ya juzijuzi tu, Bi Kazija wa Wete alimwoza bintiye. Akaalika taarabu. Mwimbaji ni Bi Time, ambaye akishika kipaza sauti hata waliokuja kula tu huahirisha kuondoka. Akamkodi na Ruzuna, mpiga video, akamwambia, "Unipigie bibi harusi. Bibi harusi tu, umenisikia mwanangu?"

Ruzuna alisikia. Kamera haikusikia.

Sasa ada yetu mnaijua. Wimbo ukikugusa, unainuka na noti, unacheza taratibu mpaka kwa mwimbaji, unamtunza, na wimbo ule ni wako. Ukimtupia jicho hasimu wako njiani, ujumbe umefika. Alasiri ile Bi Time aliimba ubeti wa jirani mwenye husuda. Akainuka Bi Raya, akamtazama Bi Mize, akatunza. Akainuka Bi Mize, akamtazama Bi Raya, akatunza. Raya akatunza, ubeti ukarudiwa. Mize akatunza, ubeti ukarudiwa. Mara kumi na saba, jamani. Pilau ikapoa, bwana harusi akasinzia.

Mara ya kumi na nane sauti ya Bi Time ilikatika. Haijarudi mpaka leo, ananong'ona tu, na hilo mimi silifanyii mzaha. Linaniuma.

Ruzuna akaiuza video ile, na kila nyumba ikaitaka. Ndipo akaja tajiri wa duka la nyimbo kutoka Unguja, anataka kuiuza kote. Lakini karatasi yake ina nafasi ya sahihi moja, ya mwenye video. Mambo yakafika kwa sheha, mkuu wa mtaa, wakakutana sebuleni kwa Bi Kazija kwenye runinga kubwa.

Ruzuna akasema, "Video yangu. Nilisimama juu ya kigoda mpaka miguu ikafa ganzi. Bila kamera yangu, leo mngekuwa mnasimuliana tu, na kila mtu na uongo wake."

Bi Kazija akasema, "Yangu. Harusi yangu, na kamera niliikodi mimi. Tena binti yangu humo anaonekana mkono mmoja tu, umeshika soda. Basi na huo mkono nao ni bure?"

Raya na Mize, wasiosalimiana mwaka wa tatu huo, waliingia wameshikana mikono. "Yetu. Mwenye kutunza ndiye mwenye wimbo. Watu wananunua ili wanione mimi," akasema Raya.

"Wanione mimi," akasema Mize.

Wakafinyana kidogo, kisha wakakubaliana. "Watuone sisi."

Bi Time akanong'ona. Sheha akamtegea sikio, akarudia maneno yake kwa sauti. "Anasema hakuna aliyemuuliza kama anaridhia kuuzwa. Anasema alikuwa na sauti moja tu, na sasa imo humo ndani."

Watu wakatazama mkeka.

"Mimi nimezoea kesi za mbuzi na mipaka ya mikarafuu," sheha akasema. "Hebu iwekeni hiyo video tuione."

Ikawekwa. Sauti ya Bi Time ikajaa sebule nzima, nzito, tamu, vilevile ilivyokuwa. Bi Time akafumba macho, machozi yakamtoka. Na Bi Raya, mazoea yana tabu, akachomoa noti kifuani, akainuka, akaanza kucheza taratibu. Bi Mize nyuma yake, noti juu. Safari hii hawakutazamana. Wakafika katikati ya sebule, wakakwama.

Sauti inatoka kwenye runinga ya Bi Kazija, aliyeigharimia harusi. Picha kaipiga Ruzuna. Mwenye sauti amekaa pembeni kimya, mikono mapajani. Na noti zenyewe ni zao wawili, na kifuani nafasi ya kuzirudisha bado ipo.

Tajiri akafungua kalamu. Sheha akatazama dari, kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Nami nimewaacha pale pale, noti hewani, mpaka nyinyi mseme. Mngeiweka noti mkononi mwa nani? Na ile kalamu, je, nani aliistahili?