Mkeka wa Mize

Mkeka hutandikwa na aliyeusuka. Mmeisikia methali hii leo, wanangu, mkacheka mkidhani ni habari ya vyombo vya nyumbani. Chanzo chake ni hiki.

Hapa kijijini, msichana akishavunja ungo huanza kusuka mkeka wake mwenyewe. Huchambua miyaa, majani ya kusukia, huitia rangi, huisuka iwe ukili, utepe mrefu, kisha huushona, wala mama hamshikii sindano. Mpaka utiwe pindo, mkeka hukaa umekunjwa, na hakuna wa kuukunjua ila mwenyewe.

Mize binti Faki alikuwa kidato cha tatu, na wake ulikuwa umefika nusu. Moyo wake ulikuwa kwa Makame, mshambuliaji wa timu ya kijiji, kijana wa maneno matamu. Alimpenda, tusidanganyane. Akikutana naye njiani hata salamu ilimpotea.

Alasiri moja, mama yake akiwa shambani, Makame aliingia uani bila hodi, akamkuta Mize anashona.

"Nyumba imetulia," alisema. "Chukua huo mkeka ukautandike ndani, tulale mimi na wewe. Wenzetu wote washafanya, sisi twangoja nini?"

Moyo ulimwenda mbio Mize. Aliogopa kumkosa, tena aliogopa kuchekwa. Papo hapo akamkumbuka muuguzi aliyewafundisha shuleni: maradhi hayaonekani usoni, mimba haiulizi kama ndiyo mara ya kwanza, na asiye tayari hadaiwi udhuru.

"Makame, mimi siko tayari."

"Ungenipenda kweli ungekwisha kutandika."

Akaushika mkeka, akauvuta mwenyewe. Ncha ya ukili ilikuwa bado haijafungwa, ikafumuka, na kazi ya siku nyingi ikawa miyaa mitupu chini. Mize akasimama. Hofu yote ilimtoka.

"Miyaa nimeichambua mimi, ukili nimeusuka mimi, na mwili huu ni wangu. Siku nitaijua mimi, haniharakishi mtu. Mkeka hutandikwa na aliyeusuka! Mlango ule pale."

Makame akaenda kutangaza barazani kwamba Mize anaringa. Mize alilia, maana kupenda si mchezo. Lakini wasichana walipomwita "Bi Mkeka" kisimani, alijitwisha ndoo yake akawajibu, "Naringa, ndiyo. Changu kizuri."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Raya, shoga yake. Haukupita muda, mwanamume mmoja akaanza kumwandama Raya kwa zawadi, leo simu, kesho viatu. Raya akaja kwa Mize kichwa chini.

"Shoga, yale maneno uliyomwambia Makame, hebu nifundishe."

Mize akamfundisha. Raya akamrudishia mwanamume yule simu na viatu, na maneno yale akamwambia. Wengine wakayachukua, mpaka wavulana waliosukumwa na wenzao wathibitishe uanaume wao nao wakawa wanayasema.

Mize akausuka na kuushona upya mkeka wake, akautia pindo, akasoma mpaka akawa mkunga. Alipokuja kijana wa kumposa, alimwambia waende kwanza kituo cha afya wakapimwe wote wawili. Kijana akaenda. Siku ya harusi alisimama mlangoni kwa adabu zote, akingoja, mpaka Mize alipoutandika mkeka kwa mikono yake akamwambia, "Karibu."

Kijana yule ni mimi, na sioni haya kujisifu kwamba nilingoja. Sogezeni miguu mtazame mnapokalia. Hapo rangi inapobadilika ndipo Makame alipoufumua, na ndipo mke wangu alipoanza upya. Wageni huniuliza mbona sehemu ile haifanani na nyingine, nami huwaeleza kwa fahari kubwa. Mwenyewe huyo jikoni, anatusikia, anajifanya anapepeta mchele.

Basi atakayekuja kuwaharakisha, awe mwenye sura nzuri au mwenye zawadi, mnalo la kumjibu: mkeka hutandikwa na aliyeusuka.