Zizi Tupu la Bibi Milembe

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo ameitikia kama mtu anayeumwa jino? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, hapo sawa. Sogeeni karibu, na wewe uliyejilaza huko, kaa kitako. Hadithi hii hailaliwi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo bibi yangu alisimuliwa na bibi yake, palikuwa na kijiji cha wafugaji. Kijijini humo mtu alipimwa kwa zizi lake. Ukiwa na zizi lililojaa, unaingia kwa watu unaletewa kigoda. Ukiwa na zizi tupu, unakaa chini na mbuzi wanakukanyaga. Msicheke! Watu wa namna hiyo hata leo wapo.

Na zizi tupu kuliko yote lilikuwa la mjane mmoja, Bibi Milembe. Ng'ombe wake aliyeonekana alikuwa mmoja tu, jike mweusi tii aliyeitwa Usiku. Basi watoto wakipita pale huimba. Nanyi mtaniitikia. Zizi la Milembe?

Tupu!

Zizi la Milembe?

Tupu!

Bibi mwenyewe akisikia hucheka mpaka anakohoa. Kisha anachukua fimbo yake ya mkwaju, anafunga viazi kwenye kanga, anaondoka. Kongo, kongo, kongo, fimbo juu ya mawe. Anapotea siku nyingi. Anarudi miguu yote vumbi, uso unang'aa.

"Umetoka wapi, Bibi?"

"Nimetoka kutembea."

Basi. Haongezi neno.

Sasa nyinyi nawaambia siri ambayo kijiji hakikuijali. Bibi Milembe alikuwa na ng'ombe, tena si haba. Ila hawakuwa zizini. Alipokuwa msichana, baba yake alikuwa na zizi moja kubwa, fahari ya nchi nzima. Maradhi yakaingia. Asubuhi ng'ombe, jioni mizoga. Milembe alimwona baba yake, mwanaume mzima, ameketi katikati ya zizi analia kama mtoto. Hakusahau mpaka uzeeni.

Kwa hiyo akashika desturi ya zamani, desturi ya amana. Unampa rafiki wa mbali ng'ombe wako amtunze. Maziwa anakunywa yeye. Samadi anatia shambani kwake. Kila ndama wa tatu ni wake, waliobaki ni wako. Bibi aliweka wengine milimani kwenye baridi, wengine kando ya ziwa, wengine mbugani, wengine kwa watu wa msitu. Na zile safari zake, kongo, kongo, kongo, alikuwa anakwenda kuwaona mmoja mmoja. Anawashika masikio, anawaangalia kwato, anauliza nani kazaa na nani kaugua.

Lakini wanakijiji walisema, "Ng'ombe aliye kwa mwenzio si ng'ombe. Ni hadithi." Walitaka mali ya kuonekana mlangoni.

Haya. Bibi alikuwa na mjukuu, Lutema. Kijana mzuri, mrefu, ila moyo wake ulikuwa na haraka kama maziwa yaliyo jikoni. Lutema alimpenda Nshoma, binti wa Mzee Galamo. Na Nshoma naye alimpenda, wala hakuficha. Shida ilikuwa huyo Galamo. Zizi lake lilijaa, na kifua chake kilijaa kuliko zizi.

"Binti yangu simtoi kwa watu wa zizi tupu," alisema Galamo mbele za watu. "Mtama ukivunwa, nije nione ng'ombe wamesimama mlangoni kwenu. Nisipowaona, Nshoma anaolewa kwingine."

Lutema akaenda mbio kwa bibi yake.

"Bibi, nipe ng'ombe alioniachia marehemu baba."

"Mume wangu," akasema Bibi, maana ndivyo alivyomtania, "hao wako mbugani, na majike wana mimba. Subiri wazae. Mahari ya watu itatoka kwa ndama, na mama zao utabaki nao."

"Mtama utavunwa kabla hawajazaa!"

"Basi nitakwenda kwa Galamo nimwombe muda."

"Bibi, watu wananicheka! Hata watoto wanatuimba!"

Bibi akamtazama sana. Akasema, "Mali ni ya kwako. Kukushauri nitakushauri, kukufunga kamba sikufungi. Kawachukue."

Lutema akawachukua wote, hakubakiza hata mmoja. Majike wale wakubwa, matumbo mbele. Akawasimamisha zizini kwa bibi yake. Akawatazama. Akaona bado hawatoshi kumnyamazisha Galamo.

Na hapo ndipo alipoingia mgeni. Mgeni huyo aliitwa Ndaki. Loo, Ndaki! Shanga shingoni, mafuta usoni, maneno matamu hata nyuki wangemfuata. Akatangaza, "Nipe ng'ombe mmoja leo. Mtama haujakomaa nitakurudishia wawili. Nina malisho ng'ambo ya kilima, nina dawa ya mababu zangu."

Mtu mmoja akajaribu. Akapewa wawili! Wa pili akajaribu. Wawili! Kijiji kikawaka moto. Na unajua waliopata wawili walifanya nini? Waliwarudisha kwa Ndaki ili wapate wanne! Wallahi, hata usiku mmoja hawakuwalaza zizini. Mzee Galamo akafungua zizi lake lote, mooo, mooo, mooo, wakapanda kilima wanatoa vumbi.

Bibi Milembe akaenda kwa Ndaki. Kongo, kongo, kongo.

"Mwanangu, ng'ombe wako hubeba mimba muda gani?"

"Miezi tisa, Bibi, kama ng'ombe wote."

"Nikikupa mmoja leo, unanirudishia wawili kabla mtama haujakomaa. Huyo wa pili kamzaa nani?"

Ndaki akacheka. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe, Bibi."

"Haya. Nipeleke nikayaone malisho."

"Malisho yana mwiko. Mgeni hafiki."

"Mwenye ng'ombe ni mgeni kwa ng'ombe wake?"

Ndaki hakucheka tena. Watu ndio waliocheka, wakamcheka Bibi. "Mwacheni, zizi lake tupu limemtia wivu!" Bibi akageuka kwa mtu mmoja aliyekuwa amerudishiwa wawili siku ile ile. Akamshika yule wa pili sikio, sikio lililochanika. Akasema, "Huyu hakuzaliwa kwa dawa. Huyu ni wa jirani yako wa bondeni, aliyempeleka kwa Ndaki mwezi uliopita. Nilikuwepo alipozaliwa."

"Ng'ombe hufanana, Bibi," wakamjibu.

Akarudi nyumbani. Akamkuta Lutema ameshika kamba, anawatoa ng'ombe zizini.

"Lutema, bakiza hata wawili."

"Nikibakiza wawili nimepoteza wanne!"

"Bakiza mmoja, mjukuu wangu. Nakuomba."

Ah, jamani. Mzee akikuomba, we! Lutema akainamisha kichwa, akapita. Majike wale wenye mimba wakapanda kilima. Na Bibi alisimama mlangoni mpaka vumbi likatua.

Mtama ukakomaa. Asubuhi moja watu wakapanda kilima kudai ng'ombe wao. Wakafika ng'ambo. Hakuna malisho. Hakuna dawa. Pana boma la miiba limekaa wazi, na kinyesi kimekauka. Ndaki alikuwa ameswaga kundi zima kwenda masoko ya mbali, ameuza, ameyeyuka.

Kilio kilichotoka kilimani siku ile! Wanaume walijipiga vifua. Galamo alishuka ameshika kamba tupu mkononi, anaikunja, anaikunjua. Kijijini kote hapakusikika ng'ombe akilia ila mmoja, Usiku wa Bibi Milembe. Watoto hawakuwa na maziwa. Na Lutema akajifungia ndani. Alipoteza urithi wa baba yake, na sasa alikuwa anampoteza Nshoma. Alilia akisema, "Bibi, niseme nini mimi?"

"Usiseme kitu. Kula uji."

Kisha Bibi akatuma neno. Neno tu! Hakutuma askari wala mashahidi. Aliwaambia wapita njia, "Wewe unayekwenda milimani, wewe unayekwenda ziwani, waambieni rafiki zangu Milembe anataka kuwaona ng'ombe wake."

Watu wakasikia, wakatikisa vichwa. Nani mwenye akili atarudisha ng'ombe kwa sababu ya neno la kikongwe?

Siku zikapita. Halafu, asubuhi moja, mtoto aliyekuwa akichota maji akatupa mtungi. "Sikilizeni!"

Ngele, ngele, ngele. Kengele za ng'ombe, toka milimani. Ng'ombe wenye manyoya mazito wakashuka katika ukungu.

Ngele, ngele, ngele. Toka ziwani! Wekundu, wanene, pembe ndefu.

Ngele, ngele, ngele. Toka mbugani! Madoadoa, vumbi juu kama nyumba inaungua.

Ngele, ngele. Toka msituni, wafupi, weusi, wametulia.

Salaale! Kijiji kilisimama. Wazee walivua kofia. Mama mmoja alipiga magoti bila kujua kwamba amepiga magoti. Njia zote za dunia zilikuwa zinatoa ng'ombe, na njia zote zilikuwa zinakuja mlangoni kwa yule bibi waliyemwimba. Hakuna aliyeimba.

Wageni walioswaga ng'ombe wale wakamsalimia Bibi kwa kuinama. Yule wa ziwani akasema, "Milembe, wengine walikufa kwetu mwaka wa mafuriko, nilikuambia. Hawa ndio waliopona na waliozaliwa."

Yule wa milimani akasema, "Kwetu hakufa hata mmoja."

Bibi akapita katikati yao. Kongo, kongo, kongo. Akawashika masikio. Akawajua wote kwa majina. Halafu akawageukia wanakijiji, nao wakaangalia chini, maana walidhani sasa ndipo watakapotukanwa.

Bibi akasema, "Nani ana mtoto asiye na maziwa?"

Wakatazamana.

"Nauliza, nani ana mtoto asiye na maziwa?"

Mkono mmoja. Mikono miwili. Mikono yote. Akawagawia ng'ombe wa maziwa, kaya kwa kaya. "Hii ni amana. Maziwa kunyweni. Kila ndama wa tatu ni wenu. Nami nitakuja kuwaona, msije mkaniambia malisho yana mwiko!" Wakacheka huku wanalia. Galamo akapewa wa kwake, akampokea kwa mikono miwili, asiweze kumtazama Bibi usoni. Wengine wakarudi walikotoka na watunzaji wao, kwa sababu Bibi hakukubali kuwakusanya wote mahali pamoja hata kwa usiku mmoja.

Akabaki Lutema.

"Na mimi, Bibi?"

"Wewe ulikuwa na wa kwako."

"Nilikuwa nao," akasema Lutema.

Bibi akaingia zizini kwake. Akamfungua Usiku, yule jike mweusi, ng'ombe wa mwisho pale nyumbani, naye alikuwa na mimba changa. Akampa Lutema kamba. "Amana, kama wenzako. Sikupi mahari. Nakupa pa kuanzia."

Lutema akaishika kamba ile. Akamgeukia Galamo. "Mzee, mtama umevunwa. Sina kitu. Nimekuja kusema hivyo mbele yako."

Kabla Galamo hajafungua mdomo, Nshoma akatoka katikati ya wanawake. Binti yule hakuwa na haya ya kijinga. Akasema, "Baba, ng'ombe huzaa kwa miezi yake. Nami nitangoja kwa miezi yake."

Galamo akamwangalia ng'ombe wa kuazima aliyemshika. Akasema taratibu, "Ngoja, mwanangu. Mimi mwenyewe nangoja."

Sasa niambieni, na zizi la Milembe?

Tupu!

Naam, tupu. Siku ile lilikuwa tupu kweli, hata Usiku hayumo. Na hakuna kijijini aliyeliona tupu.

Usiku akazaa. Ndama wakakua, nao wakazaa. Alipopata ndama wake wa kwanza, Lutema alimpeleka milimani. Wa pili akampeleka ziwani. Akanunua fimbo ya mkwaju, kongo, kongo, kongo, anakwenda kuwaona. Mvua zilinyesha na kukatika, zikanyesha tena. Galamo akasikia minong'ono ya ng'ombe wa Lutema walio mbali, akaja mwenyewe kutazama nyumba ya mkwe. Akafika mlangoni. Akachungulia zizini.

Hapakuwa na ng'ombe. Palikuwa na kuku mmoja anachakura.

Lutema akatoka. "Karibu, Mzee. Zizi langu ni tupu."

Galamo akalitazama kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga mzee yule mwenye kifua. Akasema, "Tupange siku ya harusi."

Na Bibi Milembe, aliyekuwa amekaa juani anamenya viazi, alicheka mpaka akakohoa.

Wanangu, mali usiipe mlango mmoja, maana maradhi na mwizi vyote hujua mlango. Anayekuahidi ndama kabla ya mimba, muulize mama yake yuko wapi. Na ulichoweka kwa mwenzio, vaa viatu ukakione.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa zizi. Mimi nimeshatoka, wa mwisho afunge.