Mfumo Uliomjua Shakirah Pekee

Kidole, hata kiwe na ukucha wa chuma, peke yake hakimwezi chawa, kitamgaragaza tu. Wenye akili nyingi ndio huchelewa kulijua hilo, na Shakirah alikuwa na akili za kuazimisha.

Shirika lao liligawa dawa kwa zahanati, ghala kuu likiwa Arua na tawi Koboko. Mkurugenzi, mama Margarita, alimwachia achague mfumo endeshi wa seva zote. Mifumo iliyobaki mezani ilikuwa miwili, yote ya programu huria: mmoja uliozoeleka, wenye mafundi tele mjini, mwingine aliouunga Shakirah mwenyewe kipande kwa kipande, mwepesi kama unyoya. Aliupenda wake kama kifungua mimba. Naye kifungua mimba wa kweli alikuwa tumboni, karibu kuzaliwa.

"Tuujaribu wangu Koboko kwanza," alisema.

"Na ukiingia arobaini?" aliuliza Margarita. Kwa Wanubi wa kwao, mzazi hukaa ndani siku arobaini, akikandwa na kunyweshwa uji, asiguse kazi.

"Utajiendesha, mama."

Wapi! Uliwekwa Koboko, asubuhi moja ukazimika, na bila mfumo hakuna dawa inayotoka ghalani. Moris, fundi wa Koboko, alihangaika nao kama kuku aliyefungwa mguu. Ikabidi Shakirah apande gari, barabara ikimtikisa tumbo. Moris alipomwona akishuka, mkono kiunoni, alimkimbilia na kiti.

"Pole, dada. Lakini hii mtoto yako iko na deko! Mutu mwingine akibeba, inalia tu."

Shakirah alicheka, kisha akawaona wauguzi waliokuwa wakingoja dawa za malaria tangu alfajiri. Kicheko kikamkauka. Aliurekebisha mfumo, akamgeukia Moris.

"Ungekuwa ule mwingine?"

"Ningeuliza vijana ya Arua. Wote wanaijua."

"Basi futa huu," alisema. "Tuweke wenu."

"Wetu, dada. Wewe pia iko ndani."

Mtoto alizaliwa salama. Arobaini haijaisha, seva ya Koboko ikagoma. Moris aliwauliza wenzake. Mmoja akaitambua kasoro, mwingine akatuma dawa yake, na kabla ya adhuhuri wauguzi walikwishaondoka na mizigo. Jioni simu ya Shakirah ililia. Alishtuka, mtoto kifuani.

"Kuna nini, Moris?"

"Hakuna kitu, dada. Seva ilikufa, tukafufua. Mimi nauliza jina ya mtoto tu."

"Jalia," alinong'ona, machozi yakimlengalenga, akaendelea kunyonyesha.

Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.