Kwa Nini Njia ya Kisimani Ina Kona Nyingi

Mnalalamika kwamba njia ya kisimani imepinda mno, eti aliyeichora alikuwa amelewa. Haya, kaeni niwaambie, aibu mtaiona wenyewe.

Zamani njia hiyo ilinyooka moja kwa moja hadi majini. Na zamani hizo mgonjwa alifichwa. Alifungiwa ndani na majirani wakakatazwa kubisha hodi, maana watu waliamini kelele na upepo humaliza nguvu za mgonjwa. Basi Nakiete alipougua baada ya kumzika mwanawe, mumewe Shemdoe, aliyempenda kupita kiasi, aliizungushia nyumba nzima ua wa miiba.

Nakiete akalala gizani, akivuta moshi wa jiko. Chakula kilimshinda, hata kulia kulimshinda. Kwa mbali aliwasikia wanawake wakienda kisimani, na kicheko cha shoga yake Mangare alikijua. Kikishapita, aligeukia ukuta. Alijua kwamba anakufa, na hakujali.

Mangare alivumilia hadi akachoka. Asubuhi moja, wakitoka kuteka maji, aliiacha njia, akakata miiba kwa panga, akaingia uani na wenzake nyuma yake. Shemdoe alifoka weee, wala hawakumsikiliza. Mangare akautua mtungi wake mlangoni.

“Nakiete, njoo unitwishe,” akasema. “Hawa wote wamekataa.”

Na kweli wamekataa, wamesimama tu na mitungi yao kichwani. Nakiete akajikongoja hadi nje, jua likamchoma macho. Wakainua pamoja. Mtungi ukaenda upande, maji ya baridi yakawamwagikia wote wawili, na hapo Nakiete akaangua kilio ambacho hakuwahi kukilia tangu mazishi.

Kesho yake akamtwisha tena. Siku zilivyokwenda akawafuata hadi kwenye miti ya katikati ya njia, kisha hadi kisimani, akakaa majanini miguu ikiwa kwenye maji yaliyofurika kando, wakipiga soga. Maharage yalipokomaa, alipanda mlima kutoka kisimani na mtungi wake mwenyewe, umejaa pomoni. Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya bonde! Shemdoe akaung'oa ua wake kwa mikono yake, miiba ikawa kuni za kupikia wageni.

Na tangu siku hiyo, mtu akiugua, wanawake huipindisha njia ipite mlangoni kwake, wakatua mitungi hapo. Akipona, kona huachwa palepale.

Kwa hiyo hizo kona mnazozilaani ni watu waliopona. Ile ya mwisho, penye mgomba, ni yangu mimi.